Konsuli aliyerudi Rwanda: safari za Pierantonio Costa mwaka 1994

Mwezi Aprili mwaka 1994, wakati raia wa kigeni walipokuwa wakiondoka Rwanda kwa misafara ya magari na kwa ndege za kijeshi, mtu mmoja aliyekwisha kufika salama hapa Bujumbura aliamua kurudi alikotoka. Huyo ni Pierantonio Costa, mfanyabiashara Mwitaliano aliyekuwa pia konsuli wa heshima wa nchi yake mjini Kigali. Hakurudi mara moja tu, bali mara nyingi. Hadi kufikia tarehe 21 Julai mwaka huo, alikuwa amesaidia kuokoa watu wanaokaribia 2,000, wakiwemo watoto 375 wa kituo cha mayatima cha Msalaba Mwekundu.

Wasikilizaji wetu wengi wanazikumbuka siku zile kwa macho yao wenyewe. Makala hii inaeleza jambo moja: konsuli huyo alikuwa na mamlaka gani hasa, na aliyatumiaje.

Usiku wa tarehe 6 Aprili

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyokuwa imewabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais wetu Cyprien Ntaryamira ilidunguliwa ilipokuwa ikikaribia kutua Kigali. Wote waliokuwamo walifariki. Usiku huohuo vizuizi viliwekwa katika barabara za mji, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yakaanza. Wahutu waliopinga siasa ya mauaji nao waliuawa, akiwemo Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana. Katika muda wa siku zipatazo 100, watu wasiopungua 800,000 waliangamia kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa. Rwanda yenyewe inahesabu zaidi ya milioni moja.

Nchi za Magharibi zilituma askari, lakini kazi waliyopewa ilikuwa kuwatoa raia wa kigeni. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama liliamua kupunguza kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichokuwa na askari wapatao 2,500 hadi kubaki 270. Kwa Mnyarwanda aliyekuwa amejificha darini au kanisani, maana yake ilikuwa wazi: waliokuwa na uwezo wa kumlinda walikuwa wakifunga mizigo.

Konsuli wa heshima ni nani?

Kiswahili humwita konsuli «balozi mdogo», na jina hilo huweza kumpoteza msomaji. Balozi humwakilisha mkuu wa nchi yake mbele ya serikali ya nchi nyingine. Konsuli hushughulikia mahitaji ya watu: pasipoti, viza, vyeti, na msaada kwa raia wa nchi yake waliopatwa na shida ugenini.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonsuli unatambua makonsuli wa aina mbili. Wa kwanza ni watumishi wa kudumu wa serikali zao. Wa pili ni makonsuli wa heshima, ambao kwa kawaida ni wenyeji au wakaazi wenye shughuli zao, wanaokubali kubeba jukumu hilo pembeni ya kazi inayowalisha. Kinga ya konsuli wa heshima ni nyembamba: inahusu matendo anayoyafanya katika kazi yake ya ukonsuli, wala haimpi ulinzi wote dhidi ya kukamatwa alionao mwenzake wa kudumu.

Hivyo basi, Costa alikuwa na bendera, muhuri na karatasi zenye nembo ya Italia. Hakuwa na askari, na katika kizuizi chenye vijana walioshika mapanga, mkataba wa Vienna haukuwa kitu ambacho mtu angeweza kukisoma kwa sauti akasikilizwa.

Mtu aliyeijua nchi

Alichokuwa nacho kwa wingi ni kufahamiana na watu. Alizaliwa Mestre, karibu na Venice, mwaka 1939, na akiwa kijana wa miaka 15 alimfuata baba yake Kongo. Aliishi Bukavu. Machafuko ya uhuru yalipozuka mwaka 1960, yeye na ndugu zake wawili walishiriki kuwavusha wakimbizi katika Ziwa Kivu. Katikati ya miaka ya 1960, wakati wa uasi wa wafuasi wa Mulele, alihamia Rwanda. Huko alioa, akalea watoto watatu na kuanzisha makampuni. Ukonsuli alikabidhiwa mwaka 1988.

Kwa hiyo, vita vilipoanza, alikuwa mkaazi wa miaka mingi aliyewajua maafisa, wafanyabiashara, mapadre na masista, nao wakimjua. Kujuana huko ndiko alikokutumia.

Jukumu lilipokwisha

Siku za mwanzo Costa alifanya kile ambacho konsuli yeyote anatarajiwa kufanya. Aliwakusanya Waitaliano na raia wengine wa nchi za Magharibi, akawasaidia kuondoka. Kisha akaja Bujumbura, nyumbani kwa ndugu yake. Kwa mujibu wa sheria na desturi, kazi yake ilikuwa imekwisha. Raia wake walikuwa wametoka. Hakuna wizara ambayo ingemlaumu kwa kukaa Bujumbura na kungoja vita viishe.

Hapo ndipo safari za kurudi zilipoanza. Barabara kuu ya kutoka Kigali kuja kwetu hupita Gitarama na Butare kabla ya kufika mto Akanyaru, na njiani vizuizi vilikuwa vingi. Katika kila kizuizi msafiri alidaiwa kitambulisho, na kitambulisho cha Rwanda cha wakati ule kiliandikwa kabila la mwenyewe. Neno hilo moja lilitosha kumtenga mtu na uhai wake.

Costa alitafuta vibali vya kutoka nchini kwa ajili ya wale waliomwomba msaada. Vibali hivyo vilitolewa na utawala uleule ambao watu walikuwa wakiukimbia. Ilimlazimu kuketi na maafisa hao, kuzungumza nao kwa adabu, kuwakumbusha urafiki wa zamani, na mara nyingine kulipa. Alilipa pia barabarani. Bendera ya Italia, jina la ukonsuli na fedha za mfukoni mwake vilifanya kazi kwa pamoja. Kimoja peke yake kisingetosha.

Kuna atakayeuliza kama ni haki kuwapa pesa watu wa namna hiyo. Swali ni la kweli, wala si jepesi. Lakini mtoto aliyekuwa ndani ya gari mbele ya kizuizi hakuwa na nafasi ya kungoja jibu lake. Costa alichagua kuwa mikono yake iguse uchafu huo ili mtoto apite.

Wala Bujumbura alikowafikisha watu haikuwa na utulivu. Tangu kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993, Burundi nayo ilikuwa katika machungu yake, na Warundi wengi walikuwa wamekimbilia Rwanda. Hata hivyo, kwa aliyetoka ng'ambo ya Akanyaru siku zile, kuvuka mto kulikuwa kupona.

Gharama

Makampuni ya Costa yaliharibiwa. Hasara yake, pamoja na fedha alizozitumia katika uokoaji, imekadiriwa kupita dola milioni 3 za Marekani. Aliendelea na ukonsuli hadi mwaka 2003. Mwaka 2004 alisimulia yaliyotokea katika kitabu alichoandika pamoja na mwandishi wa habari Luciano Scalettari. Italia ilimpa nishani ya dhahabu ya ushujaa wa kiraia, na miji ya Padua na Milan ikamweka katika bustani zao za kuwakumbuka watu wema waliookoa wengine. Yeye mwenyewe alikuwa akieleza kwa ufupi kwamba aliitika sauti ya dhamiri yake tu. Alifariki tarehe 1 Januari 2021, akiwa na umri wa miaka 81.

Ni vyema kukumbuka pia kipimo cha jambo lenyewe. Watu 2,000 ni wachache mno mbele ya waliouawa, na mtu mmoja hakuweza kuzuia kilichopangwa na dola. Lakini kisa hiki kinaondoa udhuru uliotolewa mara nyingi baada ya mwaka 1994, kwamba wageni waliokuwa na vyeo hawakuwa na uwezo wa kufanya lolote. Konsuli wa heshima ni miongoni mwa vyeo vya chini kabisa katika kazi ya uwakilishi wa nchi. Aliyekuwa nacho alikitumia kwa ajili ya watu ambao hakuna sheria iliyomwambia kuwa ni wake.

Watoto 375 wa kituo kile leo ni watu wazima wenye umri wa kuwa na watoto wao.