Sindano za Kichina na Maradhi ya Siri

Yapo maradhi ambayo mwanamume wa Pwani humficha hata mkewe. Mkojo hukatika na kurudi, hutoka kwa matone, na usiku humnyanyua kitandani mara tatu au nne. Mimi yamenifika. Lililoniuma zaidi si usingizi, bali udhu. Tangu chuoni tulifunzwa kuwa tone moja labatilisha udhu. Basi nikawa nasimama katika safu na roho imeniruka, mpaka nikaanza kusali nyumbani kwa haya.

Jamaa mmoja, baharia mstaafu, akaninong'oneza: "Nenda kwa Wachina wa sindano, bwana." Nilicheka, kisha nikakumbuka wazee wetu walivyokuwa wakiumikwa chuku. Kuchanjwa ngozi kwa kutafuta nafuu si jambo geni kwetu.

Nikaanza kusoma. Sindano hizo ni nyembamba mno na hazina dawa ndani. Mwaka 2021 jarida la Annals of Internal Medicine lilitoa habari za jaribio lililofanywa Uchina katika hospitali 10, kwa wanaume 440 wenye maumivu sugu ya tezi dume. Nusu yao walidungwa sindano barabara. Nusu wakadungwa juu juu tu, mahali pasipo pake. Kila mmoja alidungwa mara 20 kwa majuma 8. Mwishowe, katika kundi la kwanza waliopata nafuu walikuwa asilimia 60.6, na katika la pili 36.8. Baada ya majuma mengine 24, tofauti hiyo ilikuwa ingalipo.

Si haba. Lakini ndugu msomaji, tazama vyema: hao walikwisha kupimwa, na ugonjwa wao ukajulikana. Sindano haimwambii mtu anaumwa nini. Matone na kuamka usiku huweza kuletwa na tezi dume iliyokua kwa umri, na kisukari, na mawe, na hata saratani. Na huku kwetu kuna kichocho, kinachotoa mkojo wa damu. Atakayekimbilia sindano kabla ya kupimwa huenda akatuliza uchungu huku adui anajenga nyumba.

Nikajikaza, nikaenda hospitali. Daktari akanipima, akaniambia tezi imekua, wala si saratani. Akanipa vidonge. Ugonjwa wangu haukuwa ule wa watu 440, basi sindano nimewaachia wenyewe.

La udhu nikampelekea shehe wangu. Akatabasamu: "Asiyekatikiwa na mkojo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha wakati wa sala ukishaingia, akasali. Hayo ulisomeshwa, mwanangu, ila haya ilikusahaulisha."

Ijumaa iliyofuata nilirudi katika safu. Kulia kwangu alisimama yule baharia.