Fahamu: Kwa nini oksijeni na cheche haviivi chungu kimoja

Chemba ya oksijeni ni nini?
Ni tangi imara lenye shinikizo kubwa, anamoingizwa mgonjwa avute oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 iliyo hewani. Marekani hata farasi hutibiwa humo.

Hatari iko wapi?
Oksijeni yenyewe haiungui, hukoleza moto. Palipojaa oksijeni, nywele, nguo na mafuta huwaka kufumba na kufumbua. Februari 2012, huko Ocala, Florida, farasi alirusha mateke ndani ya chemba na viatu vyake vya chuma vikatoa cheche. Mlipuko ulimuua yeye na mhudumu mmoja. Kumvua farasi viatu, basi, si urembo.

Na Kilimanjaro?
Mfuko wa shinikizo ambao baadhi ya waongozaji hupanda nao mlimani ni ndugu wa mbali wa chemba hiyo. Aliyezidiwa na kimo hulazwa ndani, zipu ikafungwa, na mtu akapampu kwa mguu bila kuacha, maana akiacha hewa chafu hubaki humo. Hujazwa hewa ya kawaida tu, na mwili huhisi umeshuka mita 1,500 au zaidi. Haumponyi, unampa nafasi ya kushushwa kuelekea Moshi.

Wa kuchunga zaidi ni mtungi wa oksijeni. Hema la chakula lina jiko la gesi, na baridi humvuta kila mtu humo: hapo si pa kuufungulia. Vali haipakwi grisi, hata ikikaza. Mikono yenye losheni ya jua nayo ifutwe kwanza.