Msaada Usingoje Kaburi

Mara nyingi tumeona: mtu akifa, michango inajaa, ng'ombe anachinjwa. Lakini alipolala kitandani alikosa nauli ya hospitali. Huko ni kuchelewa, jamani.

Basi gaweni mfuko wa kikundi mara mbili: wa ugonjwa na wa msiba. Mgonjwa apate nauli na uji mapema. Baada ya mazishi msitawanyike tu. Mjane amebaki na shamba na karo ya watoto. Wekeni siku ya kumlimia. Mweka hazina aandike kila shilingi na kuwasomea wote, manung'uniko yaishe. Hayo yaingie katika katiba, ambayo Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022 inawataka muwe nayo.

Je, nani anaugua kijijini kwenu leo? Anzieni kwake.