Mzuka wa Zamu ya Usiku: Sauti Isiyosikika Katika Majengo ya Kazi

Hapana jengo la kazi lililozeeka ambalo halina hadithi yake. Bohari, karakana, ofisi ya wahasibu, chumba cha mlinzi langoni: kila mahali ambapo watu wachache hubaki usiku baada ya wengi kwenda nyumbani, husikika habari za nyayo zisizo na mwenyewe na za kivuli kipitacho pembeni mwa jicho. Ukanda wa migodi ulio kusini mwa Ziwa Victoria una majengo ya namna hiyo ya kila umri. Mgodi wa zamani wa Geita ulichimbwa tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966. Huko Mwadui almasi ziligunduliwa mwaka 1940. Bulyanhulu, ambako dhahabu ilionekana katika miaka ya 1970, ulifunguliwa mgodi mkubwa wa chini ya ardhi mwaka 2001, na shimo lake kuu limeshuka zaidi ya kilomita moja. Mahali pote hapo pana mitambo isiyolala, na pana watu wanaokesha nayo.

Katika nchi ya Wasukuma na jirani zao, jambo lisiloelezeka halikai muda mrefu bila kupewa mwenyewe. Likitokea, huulizwa mara moja ni nani aliyelituma. Wanawake wazee wengi wamepoteza maisha kwa sababu ya swali hilo, na mara nyingi ushahidi uliotajwa dhidi yao ulikuwa ni macho mekundu. Ilhali wekundu huo hutokana na moshi wa kuni na wa samadi kavu katika majiko waliyoinamia kwa miaka arobaini au hamsini. Tangu mwaka 2007 walimwengu wamesikia pia habari za kuuawa kwa watu wenye ualbino katika mikoa hiyo hiyo, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta mali, dhahabu ikiwa miongoni mwake. Kwa hiyo kuchunguza chanzo cha kivuli au cha mtikisiko usio na maelezo ni kazi yenye uzito, hasa kwa vijana watakaokwenda kufanya kazi migodini.

Kisa kinachofaa kuchunguzwa kwa makini kilitokea mbali na hapa, nchini Uingereza, katika miaka ya 1980. Mwenye kisa alikuwa mhandisi aitwaye Vic Tandy, mtu asiyeamini mizuka hata kidogo. Kampuni aliyoifanyia kazi ilibuni vifaa vya hospitali, na maabara yake ilikuwa gereji mbili za zamani zilizounganishwa mgongo kwa mgongo, hata kikawa chumba kimoja kirefu na chembamba, upana kama mita 3 na urefu kama mita 9. Wafanyakazi walikwisha kunong'ona kwamba mahali pale pana kitu. Mwanamke aliyefanya usafi alitoka siku moja akiwa amefadhaika, akisema ameona jambo. Tandy aliyapuuza yote hayo. Kwani pembeni mwa maabara zilikuwapo mashine za kuvutia pumzi, ambazo kukoroma kwake kulitosha kumshtua yeyote.

Usiku mmoja alikuwa peke yake mezani. Akaanza kutokwa na jasho ingawa alihisi baridi. Malaika ya shingoni yakamsimama, na moyo ukaingiwa na huzuni isiyo na sababu. Alifanya kama anavyopasa kufanya mhandisi: akaenda kukagua mitungi ya gesi, asije akawa anavuta dawa ya usingizi iliyokuwa ikivuja. Mitungi ilikuwa salama. Aliporudi na kuendelea kuandika, aliona umbo la kijivu likijitokeza polepole upande wake wa kushoto, likisogea kama asogeavyo mtu, wala halikutoa sauti. Hatimaye akajipa moyo akaligeukia. Umbo likafifia, likatoweka. Akaenda zake nyumbani.

Upanga uliotikisika

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi moja zaidi katika maelfu. Lakini siku iliyofuata Tandy, ambaye alikuwa mchezaji wa mashindano ya panga, alifika kazini na upanga wake mwembamba ili aufanyie matengenezo. Akaubana katika jiriwa, akatoka kutafuta mafuta. Aliporudi, upanga ulikuwa ukitikisika juu na chini kwa nguvu, na hapana aliyeugusa.

Wengi wangetimua mbio. Yeye akafikiri kwamba upanga hauwezi kutikisika bila kupokea nguvu kutoka mahali fulani, na kwamba nguvu hiyo lazima iwe inakuja kwa mwendo ule ule ambao upanga wenyewe hupenda kutikisikia. Akaisukuma jiriwa sakafuni kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Mtikisiko uliongezeka hadi katikati ya chumba, karibu na meza yake, kisha ukapungua, na kule mwisho ukakoma kabisa.

Mwanafunzi aliyesoma habari za mawimbi ataitambua tabia hiyo. Sauti ikisafiri katika chumba kirefu hugonga ukuta, ikarudi, ikakutana na ile inayokuja. Ikiwa urefu wa chumba ni sawasawa na nusu ya urefu wa wimbi, mawimbi hayo mawili hushikamana na kufanya wimbi moja lisilosafiri, ambalo hapa litaitwa wimbi tuli. Hewa iliyo karibu na kuta za mwisho haiwezi kwenda mbele wala nyuma, bali ile ya katikati huenda na kurudi kwa nguvu kuliko mahali pengine popote; na upanga uliosimamishwa hapo husukumwa nayo. Hesabu yake ni nyepesi. Chumba cha mita 9.15 hubeba nusu ya wimbi la mita 18.3. Mwendo wa sauti katika hewa ya chumba chenye vuguvugu ni kama mita 347 kwa sekunde. Gawanya 347 kwa 18.3, nawe utapata mitetemo 19 kwa sekunde, yaani hezi 19. Sikio la binadamu huanza kusikia vizuri kwenye hezi 20 hivi. Kwa hiyo chumba kilijaa sauti ambayo hapana mtu aliyeisikia.

Mkosaji hakuwa mbali. Mwishoni mwa maabara ilikuwa imefungwa feni mpya ya kufyonza hewa. Walipobadilisha namna ilivyoshikiliwa, wimbi likatoweka. Tandy aliyaandika hayo mwaka 1998 pamoja na mwanasaikolojia Tony Lawrence wa Chuo Kikuu cha Coventry. Kuhusu lile umbo la kijivu, walitaja taarifa ya shirika la anga la Marekani, NASA, isemayo kwamba mboni ya jicho hutetemeka kwa urahisi ikitikiswa kwa kadiri ya hezi 18. Jicho likitetemeka huweza kuona ukungu mahali pasipo na kitu, hasa pembeni, ambako uoni wake ni hafifu tangu mwanzo.

Mwalimu wa fizikia wa Kahama au Geita aweza kukileta kisa hiki nyumbani bila kununua kifaa chochote. Mota ya umeme yenye jozi tatu za ncha, ikitumia umeme wa hezi 50 kama ule wa Tanzania, ingezunguka mara 1,000 kwa dakika. Ikibebeshwa mzigo hupungua kidogo, tuseme 970. Gawanya kwa 60: mizunguko 16.2 kwa sekunde. Feni iliyofungwa moja kwa moja kwenye mota hiyo, pangaboi lake likiwa limekaa upande kwa vumbi au kutu, itatikisa ukuta mara 16.2 kila sekunde. Ni chumba gani kitakachoitikia? Kile chenye urefu wa mita 10.7 hivi, ambao ni urefu wa bohari au ofisi ya kawaida kabisa. Na migodi ya chini ya ardhi haiwezi kukaa hata saa moja bila feni, nyingine kubwa kuliko nyumba, kwa sababu baruti ikilipuka huacha gesi zenye sumu ambazo lazima ziondolewe kabla ya watu kurudi.

Maelezo mazuri mno

Hapa msomaji yafaa ajizuie kidogo. Maelezo ya Tandy yanapendeza. Na maelezo yanayopendeza ndiyo yanayohitaji kuulizwa maswali makali. Habari ya upanga inasimama imara, kwa kuwa ilipimwa na kujaribiwa: feni ilirekebishwa, mtikisiko ukakoma. Habari ya umbo la kijivu haina uimara huo. Tandy aliliona mara moja tu, na hapana aliyepima jicho lake usiku ule. Tena kumtikisa mtu mzima kwa mashine ni jambo moja, na kumpulizia sauti hafifu hewani ni jambo jingine. Mwaka 2006 watafiti Braithwaite na Townsend waliandika wazi kwamba athari hiyo mahususi ya sauti zisizosikika ilikuwa bado haijathibitishwa kwa majaribio.

Jaribio kubwa lilitangazwa mwaka 2009 na kundi la Christopher French huko London. Walitengeneza chumba kitupu ambamo waliweza kuwasha na kuzima, kwa siri, sauti zisizosikika na nguvu za sumaku. Watu 79 waliingia mmoja mmoja, wakiwa wameambiwa mapema kwamba huenda wakahisi mambo ya ajabu. Wengi walihisi kweli: kizunguzungu, hali ya kuwapo mtu mwingine, hata hofu. Lakini waliohisi hayo hawakuwa wengi zaidi wakati mitambo ilipowashwa kuliko ilipozimwa. Watafiti wakaona kwamba lililofanya kazi yamkini ni maneno waliyoambiwa mlangoni.

Nguvu ya matarajio inajulikana vema katika nchi za ziwa. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha, upande wa Bukoba, wasichana watatu walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kikaenea. Mpaka shule ilipofungwa tarehe 18 Machi, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, na baadaye kikafuata vijijini. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hiyo mwaka 1963, hawakupata mdudu wala sumu. Wasichana wale hawakuwa wakijisingizia. Miili yao iliitikia jambo lililokuwa likipita kati yao, kama upanga ulivyoitikia hewa. Mfanyakazi mpya anayeambiwa siku ya kwanza, “Bwana mdogo, chumba kile usikae peke yako,” amekwisha kuingizwa katika jaribio bila ya yeye kujua.

Ziko sababu nyingine, za kawaida zaidi. Paa la mabati la urefu wa mita 10 lililofika nyuzi 55 za joto mchana, kisha likashuka hadi 20 usiku, hupungua karibu milimita 4. Nalo halipungui kimyakimya, bali huteleza kwa vishindo kwenye misumari yake, kishindo baada ya kishindo, kama hatua za mtu. Mlinzi anayelala vipande vipande baada ya zamu za usiku hupatwa upesi na jinamizi: akili imeamka, mwili bado umefungwa na usingizi, na ndoto inaendelea mbele ya macho yaliyo wazi.

Iliyo ya hatari kuliko zote ni jiko la mkaa. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba kubwa ya zamani. Wakaumwa vichwa, wakasikia nyayo usiku, wakaona watu wasiokuwapo. Hata mimea yao ikanyauka. Chanzo kilikuwa tanuri bovu la kupashia nyumba joto, ambalo gesi zake ziliingia ndani badala ya kutoka kwa dohani. Gesi yenyewe, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Chumba kidogo cha mlinzi, madirisha yamefungwa kwa ajili ya baridi ya usiku, na jiko la mkaa katikati, hutoa gesi hiyo hiyo. Mlinzi akisema asubuhi kwamba usiku alikabwa kifuani na kuona watu, kwanza atolewe nje apate hewa na apelekwe zahanati. Habari za nani aliyemroga zinaweza kumuua mzee asiye na hatia, na wakati huo huo jiko likamuua mlinzi wa usiku unaofuata.

Kwa shule zenye karakana, jaribio la upanga laweza kufanywa kwa ubao wa msumeno wa chuma. Ubao wa kawaida, wenye unene wa milimita 0.65, ukibanwa katika jiriwa huku sentimita 17 hivi zikiachwa nje, hutikisika karibu mara 19 kwa sekunde. Ukiachwa sentimita 25 hutikisika mara 8 au 9 tu. Wanafunzi waubandike kipande cha karatasi nyeupe kwenye ncha, wasogeze jiriwa hatua kwa hatua katika chumba kilicho jirani na mashine ya kusaga au jenereta, na kuandika kila mahali karatasi inapotikisika na kiasi gani. Mtikisiko ukiwa sawa kila mahali, yaelekea unakuja kwa njia ya sakafu. Ukizidi katikati ya chumba na kufifia kwenye kuta, wachukue futi kamba wapime urefu wa chumba, kisha waende kuuliza mashine ile huzunguka mara ngapi kwa dakika.