Kuona Ndani ya Kichwa Bila Kisu

Zamani, na wala si zamani sana, mtu wa Gusii, huko Kenya, akipigwa rungu la kichwa, kisha maumivu yakakataa kumwacha, alipelekwa kwa omobari omotwe, fundi wa vichwa. Fundi huyo alichana ngozi, akaufunua mfupa, akaukwaruza polepole mpaka tundu likatokea. Nusukaputi haikuwepo. Msiniulize maumivu yake. Daktari J. G. Grounds aliandika habari za mafundi hao mwaka 1958 katika jarida la tiba la Afrika Mashariki, na waliokuja baada yake walistaajabu kwamba wagonjwa wengi walipona wakarudi shambani.

Lakini tazameni kisu kilikomea wapi. Chini ya fuvu kuna utando mgumu uliofunika ubongo, na fundi alijua kwamba akiutoboa huenda akaua. Ubongo wenyewe hakuugusa. Na yapo magonjwa ambayo hata angeufunua asingeyaona.

Mojawapo ni maltipo sklerosisi. Neva za ubongo na uti wa mgongo zimevishwa mafuta yaitwayo mayelini, kama waya wa umeme ulivyovishwa plastiki. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na vijidudu huigeukia mayelini na kuila. Ujumbe wa neva hukawia au hupotea njiani: jicho moja linaingia ukungu, miguu inakufa ganzi, kisha baada ya wiki kadhaa mtu anapata nafuu na kudhani yamekwisha.

Ili auone ugonjwa huu, daktari hutumia mashine ya MRI. Mgonjwa hulala ndani ya sumaku ambayo kwa kawaida huishinda sumaku ya dunia kwa zaidi ya mara 30,000. (Omobari angeingia humo na kisu chake cha chuma, kingemchopoka mkononi.) Mwili umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni. Sumaku huzipanga chembe za haidrojeni, mawimbi ya redio huziyumbisha, nazo zikirudi mahali pake hutoa ishara, ambazo kompyuta huzigeuza picha. Mashine hugonga kwa kelele kubwa, lakini hakuna kinachokatwa. Mwaka 1981 madaktari wa London walionyesha kwamba picha hizo hufichua makovu ya ugonjwa huu ambayo mashine za awali hazikuyaona. Palipoharibika huonekana mabaka meupe.

Sasa, baka lipi ni la jana na lipi la miaka mitano iliyopita? Hapa ndipo ninapopapenda. Daktari huchoma sindano ya gadolini kwenye mshipa. Kwa kawaida damu hairuhusiwi kuivusha dawa hiyo hadi ndani ya ubongo, ila penye uvimbe mpya ukuta wa mishipa huvuja. Baka linalowaka baada ya sindano ni bichi, na litaendelea kuwaka kwa wiki chache tu. Lisilowaka ni kovu. Wanapima pia ubongo wenyewe, kwa sababu ugonjwa ukiachwa huusinyaza mwaka hadi mwaka, haraka kuliko uzee unavyofanya.

Kisii na Nyamira, nchi ya Wagusii, ziko chini ya digrii moja kusini mwa Ikweta, na ugonjwa huu huonekana zaidi kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta; hivyo huko ni nadra. Jua na vitamini D vinatajwa miongoni mwa sababu. Uchache huo una ubaya wake: msichana mwenye ganzi miguuni huweza kutibiwa mambo mengine kwa muda mrefu kabla mtu hajafikiria kumpiga picha ya ubongo.

Na picha nayo si hakimu wa mwisho. Mtu anaweza kuwa na mabaka kumi akawa anacheza mpira, na mwingine ana moja tu, limekaa kwenye uti wa mgongo, na kutembea kumemshinda. Wakati mwingine mabaka mapya matano hadi kumi hujitokeza kimyakimya kwa kila shambulio moja ambalo mgonjwa analihisi. Ndiyo maana daktari, picha ikiwa mezani, bado humwambia: hebu fumba macho uguse pua yako, kisha tembea mpaka mlangoni nikuone. Halafu humpangia siku ya picha nyingine, aziweke mbili hizo pamoja ahesabu mabaka yaliyoongezeka.