Kutu ya mabati ya shosho inaning'inia London

Ukishuka matatu hapa Chaka, tazama juu. Hayo mabati yenye kutu unayaonaje? Aibu, si ndio?

Naomi Wanjiku Gakunga anaona rangi. Msanii huyu Mkenya, aliyezaliwa 1960, alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi na UCLA, na anaishi San Antonio, Texas. Kazi yake ni hii: anaacha mabati yapigwe na maji na hewa mpaka yashike kutu, kisha anayakata na kuyaunganisha kwa waya. October Gallery ya London imeyaonyesha ukutani.

Kwa nini mabati? Miaka ya 60 akina mama wa huku kwetu walichanga pesa kidogo kidogo, wakaezekana kwa zamu. Nyasi zikatoka, mabati yakaingia.

Paa la shosho wangu lilipatikana hivyo hivyo. Nilipoacha chuo nikarudi chini yake, niliona kutu tu, nikajiona nimefeli. Kumbe ile ilikuwa michango ya wanawake wasio na mshahara.

Ukienda ocha wikendi hii, usicheke paa. Uliza nani alichangia.