Redio, Bando, Kadi au Santuri: Muziki wa Nyumbani Unagharimu Ngapi Kibugu?

Zamani msikilizaji wa Kibugu, huku kwetu Embu, hakuwa na cha kulinganisha. Alifungua redio, akangoja. Mwenye bidii aliandika kadi ya salamu, akawataja shangazi, binamu na wote wanaomfahamu, kisha akatega sikio siku kadhaa hadi mtangazaji aisome na kumwekea wimbo alioomba. Gharama ilikuwa stempu, betri na subira.

Leo stesheni si haba. Kameme FM ilipoingia hewani mwaka 2000 iliwafungulia njia watangazaji binafsi wa lugha za mama. Embu ina Wimwaro FM na Meru ina Muuga FM, zote za Royal Media Services. Ongeza Inooro na Coro FM ya KBC, ambazo watu wengi wa huku huzielewa bila shida kwa kuwa Kiembu na Kikuyu ni ndugu. Kilichopungua ni muziki. Asubuhi ni siasa na ugomvi wa ndoa, mchana dawa za miti shamba na bahati nasibu, jioni mpira. Wimbo ukipata nafasi, hukatwa katikati. Mpenzi wa benga anajua hasara yake: maneno huja kwanza, na utamu huja mwishoni, mwimbaji anaponyamaza na magita kuanza kukimbizana. Hapo ndipo tangazo la biashara hupachikwa.

Ndiyo maana wengi wameanza kujiwekea akiba yao ya nyimbo. Swali ni njia ipi inayolingana na mfuko. Hapa tumepima kwa kipimo kimoja: saa moja ya muziki kila siku, yaani saa 365 kwa mwaka. Bei nyingi za madukani zilizotumika ni za kukadiria. Weka za dukani kwako, njia ya kuhesabu itabaki ile ile.

Redio ya FM

Kwa senti, hakuna kinachoishinda. Tuseme redio yako inakula wati 10, na nyingi ndogo hula chini ya hapo. Saa 365 hazifikishi yuniti nne za stima. Hata ukihesabu yuniti moja kwa shilingi 30, mwaka mzima ni kama shilingi 110. Mwenye kabambe yenye FM hahitaji hata redio, ila asisahau visikizi, kwa sababu waya wake ndio eriali.

Kasoro ni mbili. Kwanza, mawimbi ya FM husafiri kwa mstari ulionyooka, na Kibugu ni migongo na mabonde yanayoshuka kutoka Mlima Kenya. Stesheni inayosikika vizuri barabarani juu hugeuka mkwaruzo ukishuka kuelekea mtoni. Pili, huchagui. Ukingoja wimbo mmoja wa Queen Jane, utasikiliza mahubiri, kamari na mawaidha ya mashemeji kabla hujaupata, kama utaupata.

Faida yake nayo ipo: habari, matangazo ya vifo na mazishi, bei za mazao. Hayo hayapatikani kwenye kadi ya kuhifadhia nyimbo.

Bando na mitandao

Hapa ndipo pesa huvuja bila kelele. Muziki wa sauti pekee, kwa ubora wa kilobiti 96 kwa sekunde, hula megabaiti 43 kwa saa. Kwa mwaka ni kama gigabaiti 16. Si nyingi. Lakini wengi hawanunui data ya mwezi. Hununua bando ndogo za saa moja au za siku. Ukitumia shilingi 20 kila siku, mwaka unakwisha umelipa 7,300. Na anayesikiliza kupitia YouTube hulipia picha pia, hata simu ikiwa imelala kifudifudi mezani.

Spotify ilipofunguliwa Kenya Februari 2021, huduma ya kulipia ya mtu mmoja ilianza kwa shilingi 299 kwa mwezi, ambayo ni 3,588 kwa mwaka kabla ya data. Uzuri wake ni kwamba unaweza kupakua nyimbo mahali penye waifai, ukasikiliza shambani bila bando. Ubaya wake ni kwamba ukiacha kulipa, ulizopakua zinafungwa. Umekodi, hukununua.

Kuhusu nyimbo za zamani, YouTube inaongoza, kwa sababu mashabiki wamepandisha kanda na santuri zao wenyewe. Lakini majina hukosewa, miaka hubuniwa, na video inaweza kuondolewa bila kukuaga. Kwa nyimbo za mwimbaji Joseph Kamaru, aliyefariki Oktoba 2018, njia ya halali ipo: mjukuu wake, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, ametoa upya baadhi ya nyimbo za babu yake kwenye Bandcamp. Huko unalipa mara moja, unapakua, wimbo unabaki wako.

Tahadhari kuhusu Skiza, huduma ya miito ya simu: wimbo unaoulipia wewe husikiwa na anayekupigia. Kama nia ni kumchangia mwanamuziki, sawa. Kama nia ni kusikiliza, umekosea mlango.

Kadi na flashi

Hii ndiyo njia ya wengi. Nenda soko lolote la Embu utakuta kijana mwenye kompyuta na spika, atakayekuwekea mamia ya nyimbo kwa bei ya chakula cha mchana. Hesabu yake inavutia. Wimbo wa dakika tano kwa ubora wa kawaida wa MP3 ni karibu megabaiti tano. Kadi ya gigabaiti 8 hubeba nyimbo kama 1,600, zaidi ya saa 130. Ukisikiliza saa moja kwa siku, miezi minne inapita kabla ya wimbo kujirudia. Ukinunua kadi kwa shilingi 600 na ikadumu miaka miwili, ni shilingi 300 kwa mwaka.

Lakini soma masharti yasiyoandikwa. Nyimbo hizo mara nyingi zimenakiliwa bila ruhusa, na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 haimtambui kijana wa spika kuwa msambazaji. Mwimbaji hapati kitu. Tena faili hizo zimebanwa mara nyingi mno, hadi besi inasikika kana kwamba iko chumba cha pili, na nusu yake zimeitwa "Track 01". Kadi za bei ya kutupa nazo hufa ghafla. Ukichagua njia hii, weka nakala ya pili kwenye flashi au kompyuta, na wanamuziki walio hai wanunulie moja kwa moja kwa M-Pesa pale wanapouza wenyewe.

Kanda

Kanda zilizorudufiwa kinyemela miaka ya 1980 zilivunja mgongo wa biashara ya santuri Kenya, lakini leo ndizo hazina iliyojificha. Kwenye masanduku ya nyumba za Kibugu bado kuna kwaya za kanisa, nyimbo za harusi na benga ambayo haikufika mtandaoni. Bei ni ndogo, mara nyingi ni kuomba tu.

Kabla ya kulipa, ishike kanda mwangani. Tazama ule upande ulio wazi: katikati pana kipande kidogo cha sufi kinachoubana utepe kwenye kichwa cha kuchezea. Kikiwa kimedondoka, sauti itatoka kwa mbali, ingawa fundi anaweza kukibandika kingine. Kisha angalia utepe wenyewe. Vumbi jeupe juu yake ni ukungu, na baridi yetu yenye unyevu huupenda sana. Kanda yenye ukungu usiichezeshe. Itachafua mashine na kuambukiza nyingine. Iliyolegea irudishe kwa kalamu ya Bic kabla ya kuiweka.

Gharama halisi ni mashine. Redio kaseti kuukuu hufa mikanda ya mpira ndani, na kubadilisha mkanda ni kazi ndogo kwa fundi anayejua. Ukiipata nzima, chomeka waya kutoka tundu la visikizi hadi kwenye kompyuta, tumia programu ya Audacity isiyolipishwa, na kanda ya dakika 60 itageuka faili kwa dakika 60.

Santuri

Kwa kipimo chetu cha saa, santuri ni ghali kupindukia. Tuseme umenunua kumi ndogo za 45, yaani za mizunguko 45 kwa dakika, kwa shilingi 300 kila moja. Umelipa 3,000 kwa muziki usiozidi saa moja na nusu, na bado hujanunua kinanda cha kuzichezea, ambacho kipya cha bei nafuu kinaweza kukutoka shilingi 12,000. Nauli pia ihesabu, kwa kuwa duka la kutegemewa liko Nairobi: kibanda namba 570 cha Jimmy Rugami katika Kenyatta Market. Muuzaji mwema atakuruhusu kusikiliza kabla ya kulipa. Asipokuruhusu, inamishe sahani juani: mikwaruzo inayoukata mfereji mara nyingi hutoa mlio wa tiki tu, inayofuata mfereji ndiyo yenye hatari zaidi ya kurukisha sindano.

Kwa nini basi watu wazima na akili zao wanazinunua? Chukua 45 ya benga. Upande mmoja umeandikwa sehemu ya kwanza, wa pili sehemu ya pili. Wimbo ni mrefu kuliko upande, kwa hiyo unaimbiwa kisa, unanyamaziwa, unainuka, unageuza sahani, na ndipo magita yanapofunguliwa. Karatasi ya katikati inakupa jina la mtunzi, kundi, kampuni na namba. Hakuna anayeingilia kati kukuuzia dawa. Tena santuri nzuri ina bei ya kuuzia, wakati bando ya jana haina mnunuzi.

Anayetaka maarifa zaidi atafute kazi za Ketebul Music ya Tabu Osusa, hasa Retracing the Benga Rhythm ya mwaka 2008, inayokusanya historia na muziki mahali pamoja.

Uamuzi wetu

Kwa saa moja kwa siku, mwaka mmoja: redio kama shilingi 110, kadi 300, Spotify 3,588 kwa bei ya mwaka 2021 na data juu yake, bando za kila siku 7,300. Santuri na kanda usizipime kwa saa, zipime kwa kile usichoweza kukipata kwingine.

Kwa mkazi wa Kibugu, mpango ulio bora ni huu. Bakisha redio kwa habari na matangazo. Nunua redio ya kuchaji yenye tundu la kadi, iwe chombo cha kila siku. Acha bando za shilingi 20. Tumia data kununua na kupakua, si kusikiliza wimbo ule ule mara hamsini. Bonasi ya chai ikiingia, tenga kidogo kwa santuri mbili tatu ulizozisikiliza kwanza. Na kabla ya yote hayo, omba kanda za wazee wa nyumbani, kwanza zile za Kiembu na Kimbeere. Benga ya Kamaru itahifadhiwa na wengi. Kwaya iliyorekodiwa kanisani kwenu haina mwingine wa kuihifadhi ila wewe, na waya wa kuinakili hauzidi bei ya kilo chache za sukari.